Mitaro ya mvua mtaani: maswali ya wakazi wa Kigoma Ujiji na majibu yake

Kila mwaka mvua zinapokaribia, maswali yanakuwa yale yale. Yanaulizwa kwenye mikutano ya mtaa, kwenye foleni ya maji na kwenye makundi ya WhatsApp. Tumeyakusanya hapa tukiitazama Kigoma Ujiji kama ilivyo: vilima vinavyomwaga maji kuelekea ziwani, mabonde ambayo maji yakiingia hayana pa kutokea, na udongo wa kichanga unaohama na kila mvua. Msomaji wa Tabora atachukua yanayomfaa, ingawa kwake shida kubwa ni ardhi tambarare, maji yanasimama badala ya kukimbia.

Tumeishi hapa miaka mingi bila shida. Kwa nini sasa maji yanaingia ndani?

Anza kwa kutazama juu yako, si kwako. Kilima kilichokuwa na michikichi, miembe na nyasi kilikuwa kinakunywa sehemu ya mvua na kinayachelewesha maji yaliyobaki. Leo pale pana mabati, nyua za saruji na vichochoro vilivyokanyagwa hadi udongo haupitishi tena kitu.

Piga hesabu ndogo. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 10 kwa 8 likipigwa na mvua ya milimita 50, linamwaga lita 4,000. Nyumba 30 zilizo juu yako zitakushushia lita 120,000, na hapo viwanja na barabara bado hatujavihesabu. Maji ambayo zamani yalifika kwako kidogo kidogo kwa saa kadhaa, sasa yanafika kwa pamoja ndani ya dakika chache.

Kuna sababu nyingine mbili tunazokutana nazo sana. Njia ya zamani ya maji imejengwa: ukuta, banda, choo, wakati mwingine nyumba nzima. Na barabara inaongezwa moramu kila inapokarabatiwa, mpaka siku moja mlango wako uko chini ya barabara. Simama barabarani utazame kizingiti chako. Ukiona uko juu yake, sehemu ya jibu umeshaipata.

Nitajuaje tatizo letu ni la aina gani?

Swali hili ndilo tungependa watu waulize kwanza, kwa sababu Kigoma ina mafuriko ya aina tatu na dawa ya moja haitibu nyingine.

La kwanza ni la maji ya mlimani. Yanakuja kwa kasi, yana tope, yanachimba ukuta, na mvua ikikatika yanapungua ndani ya saa moja au mbili. Hili ndilo linalotibika kwa mitaro.

La pili ni la bondeni. Maji yanapanda polepole na yanakaa siku nyingi, hata wiki, jua likiwaka. Watu wa Katubuka wanalijua vizuri. Hapa mtaro wa mtaani peke yake unaweza hata kuongeza madhara, kwa sababu unayaleta maji haraka mahali yasipoweza kuondoka.

La tatu ni la ziwa lenyewe kupanda. Maji yanaingia hata siku isiyo na mvua, na yanadumu kwa miezi.

Mvua ijayo, mtu mmoja atembee mtaani na simu yake apige picha: maji yanatokea wapi, yanapita wapi, yanasimama wapi, yanaondoka baada ya muda gani. Picha hizo zitawafaa kwa fundi, kwa mhandisi na kwa diwani kuliko maneno ya mkutano mzima.

Tuanze kuchimba wapi, juu au chini?

Chini. Tafadhali, chini.

Mitaa mingi inaanza pale penye malalamiko mengi, kwa kawaida katikati. Vijana wanachimba mita hamsini za mtaro mzuri kabisa, halafu mtaro unaishia mlangoni kwa mtu. Mvua ya kwanza inaonyesha kilichofanyika: mafuriko yamehamishwa kutoka nyumba tano kwenda nyumba mbili, na sasa mtaa una ugomvi juu ya maji.

Kabla jembe halijashikwa, tembeeni kutoka nyumba ya mwisho inayoingia maji hadi mahali maji yanapoingia kwenye mtaro mkubwa, korongo imara au ziwa. Muone kwa macho. Kama kuna kalavati katikati, pigeni magoti mchungulie: je, mwanga unaonekana upande wa pili? Mara nyingi kalavati linaonekana zima kwa juu, lakini mdomo wake umebaki upana wa viganja viwili kwa sababu mchanga umejaa. Zibueni hilo kwanza. Kuna mitaa ambayo kazi ingeishia hapo, bila kuchimba kitu kipya.

Mkishakuwa na pa kutolea maji, jengeni kutoka hapo mkipanda juu. Kazi ikisimama katikati kwa kukosa fedha, kipande kilichokamilika kitafanya kazi na hakitamuumiza mtu.

Mtaro uwe na upana na kina gani?

Inategemea eneo linalomwaga maji kwenye mtaro huo na mteremko wa ardhi. Tuchukue mfano ili ukubwa wenyewe uonekane.

Chukua eneo la hekta 2, yaani kama mita 100 kwa 200, lililojengwa kiasi. Mvua kali inayonyesha kwa kiwango cha milimita 60 kwa saa, na tukikadiria kwamba sehemu sita kati ya kumi zinatiririka na zilizobaki zinazama ardhini, italeta lita 200 kila sekunde. Hizo ni ndoo kumi za lita 20 kila sekunde. Mtaro wa mawe na saruji wenye upana wa sentimita 50 na kina cha sentimita 45, ukishuka mita moja kwa kila mita 100, unabeba kiasi hicho na unabaki na nafasi juu.

Mtaro huo huo ukiujenga mahali tambarare, tuseme unashuka sentimita 20 tu kwa mita 100, hautoshi. Na ule wa kwanza nao ukijaa mchanga nusu, hautoshi. Kwa hiyo anayewaambia "mtaro wa futi moja unatosha" bila kuuliza juu kuna nyumba ngapi na ardhi inashukaje, anakisia. Kwa mtaro unaohudumia kaya chache tu, fundi mzoefu anaweza kukadiria vizuri. Ukishavuka mitaa miwili au kugusa barabara, mtafuteni mhandisi wa halmashauri au wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini.

Mteremko tunapimaje bila vifaa?

Kwa mpira wa maji, ule ule fundi ujenzi anaoutumia kusawazisha msingi. Chukua mpira mwembamba unaoonekana ndani, wa mita 12 hivi. Jaza maji, na hakikisha hakuna mapovu ya hewa, maana povu moja linaharibu kipimo chote. Funga kila ncha kwenye mti wenye urefu sawa uliochorwa sentimita. Simamisha mti mmoja hapa na mwingine mita 10 mbele. Maji yatalingana kwenye ncha zote mbili, na tofauti ya namba kwenye miti ndiyo tofauti ya ardhi. Mkipata sentimita 10 kwa mita 10, mteremko wenu ni mita moja kwa mia. Mkipata sentimita 2, maji yatakwenda kwa uvivu na mchanga utatua njiani, basi mtaro uwe mpana na usafishwe mara nyingi zaidi.

Fanyeni hivyo hadi mwisho wa njia na muandike kila kipimo. Macho yanadanganya sana kwenye mteremko. Tumeona watu wakiapa kwamba maji yatakwenda upande fulani, kumbe mpira unaonyesha kinyume.

Mtaro wa udongo unatosha, au lazima saruji?

Wa udongo unatosha pale mteremko ni mdogo na kingo zimepandwa nyasi. Kwenye vilima vya Mwanga au Rubuga, mtaro wa udongo mtupu kwenye mteremko mkali ni mwanzo wa korongo. Maji yanachimba sakafu, kingo zinaanguka, na baada ya misimu michache mtaro wa futi mbili unaweza kummeza mtoto.

Mawe yaliyopangwa na kuungwa kwa saruji ndiyo yanayofaa Kigoma, maana mawe yapo na mafundi wanaoyajua wapo. Usilainishe sana sakafu ya mtaro ulio mlimani. Mawe yaliyochomoza kidogo yanapunguza kasi. Na mahali pa mteremko mkali jengeni ngazi, maji yaanguke hatua kwa hatua badala ya kuteleza moja kwa moja.

Mtaro wetu ulijengwa vizuri, lakini bado unafurika. Kwa nini?

Mchanga. Watu wanalaumu takataka, na takataka kweli zipo, lakini chepeo likiingia mtaroni Kigoma linatoa mchanga kwanza. Unatoka kwenye vichochoro visivyo na nyasi, kwenye viwanja vinavyochimbwa msingi, kwenye mashamba yaliyolimwa kufuata mteremko, na kwenye lundo la mchanga wa ujenzi aliloliacha mtu kando ya barabara akisubiri fedha za fundi.

Njia tatu zinasaidia. Jengeni chemba ya kunasa mchanga kabla ya kila kalavati, yaani shimo lililo chini ya sakafu ya mtaro kwa sentimita 40 au 50, ili mchanga utue humo badala ya kutua ndani ya kalavati ambamo mkono haufiki. Anayeweka mchanga au kokoto barabarani auzungushie mawe au magunia, na uongozi wa mtaa usione haya kumfuata. Ya tatu ni kushikilia udongo huko huko juu, ambayo ndiyo ngumu zaidi na ndiyo yenye faida ya kudumu. Pandeni nyasi za vetiva au majani ya tembo kwa mistari inayokata mteremko, acheni nyasi kwenye kingo za vichochoro, na msifyeke kila kitu hadi udongo ubaki mwekundu mtupu. Tunajua ua uliofagiwa hadi udongo unang'aa unahesabiwa kuwa usafi. Ubaki safi karibu na mlango, lakini ukanda wa nyasi wa mita moja chini ya ua utazuia udongo wako usiende kwa jirani.

Korongo linasogea kuelekea nyumba zetu. Tunaweza kulizuia wenyewe?

Korongo dogo, ndiyo. Kubwa linalozidi kimo cha mtu, hapana. Hilo linataka gabioni, yaani masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, na mhandisi, na wanaoishi ukingoni wanapaswa kuhama kabla ya mvua.

Kwa korongo dogo, kwanza yageuzeni maji yasiingie kwenye kichwa chake, kwa sababu linakua kwa kula kwenda juu. Kisha jengeni vizuizi vya mawe ndani yake. Kizuizi kiwe chini katikati na juu pembeni, ili maji yapite katikati. Kikiwa sawasawa, maji yatakizunguka na kula kingo. Ncha zake zichimbiwe ndani ya kingo, na upande wa chini yapangwe mawe ya kupokea maji yanayoanguka. Umbali unapimika kirahisi: kichwa cha kizuizi cha chini kilingane na mguu wa kilicho juu yake. Vizuizi vya nusu mita kwenye mteremko wa mita 5 kwa mia vitakaa kila baada ya mita 10.

Msijaze korongo kwa takataka. Mvua kubwa itazibeba zote na kuzipeleka kwenye kalavati la wenzenu walio chini.

Kila mwenye nyumba ameweka daraja lake kuingia kwake. Kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Mtaro unabeba maji kwa ukubwa wa sehemu yake nyembamba kuliko zote. Mtu mmoja akiweka bomba la inchi sita ili gari lake lipite, mtaro mzima wa juu yake umekuwa wa inchi sita.

Daraja la kuingilia lifuate upana na kina kamili cha mtaro. Zuri zaidi ni slabu za zege zenye nondo zinazoweza kuinuliwa na watu wawili, ili siku ya usafi zifunguliwe. Aliyekwisha kuweka bomba dogo aombwe kulibadilisha kwa heshima, mbele ya mwenyekiti, na apewe muda. Akikataa, suala ni la mmiliki wa barabara, na tumeeleza chini ni nani.

Takataka je?

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na mitaroni imepungua. Zimebaki chupa za maji, viroba, nepi, matambara, na kwenye barabara zenye miembe ya zamani, majani na makokwa ya maembe kwa msimu wake. Wekeni chujio la nondo kwenye mdomo wa kalavati, lakini ikiwa tu yupo mtu wa kulisafisha kila baada ya mvua. Chujio lisilosafishwa linageuka bwawa.

Kuvuna maji ya bati kunapunguza mafuriko kweli?

Kunapunguza, ila tusidanganyane kiasi gani. Tenki la lita 1,000 kwenye paa tulilolitaja la mita 10 kwa 8 linajaa kwa mvua ya milimita 13 tu. Baada ya hapo kila tone linamwagika kama hakuna tenki. Faida kubwa zaidi ni ya gata lenyewe: linakuwezesha kuchagua maji ya bati yaangukie wapi, yasichimbe msingi wako wala ukuta wa jirani. Gata bila tenki bado lina maana. Tenki ambalo bomba lake la ziada linamwaga msingini halikusaidii.

Na maji ya tenki yatumieni. Tenki lililojaa tangu Desemba halipunguzi mafuriko ya Machi.

Shimo la kunyonya maji linafaa kwetu?

Chimba shimo dogo la kina cha sentimita 50, lijaze maji, yakiisha jaza tena, halafu tazama. Yakinywewa ndani ya saa chache, udongo wako unafaa. Ukijaza jioni na asubuhi bado yapo, acha. Usichimbe bondeni wala karibu na ziwa ambako maji ya ardhini yako juu. Liwe angalau mita 5 kutoka kwenye msingi na mita 30 kutoka kwenye kisima, lijazwe mawe, na maji yapite kwanza kwenye chemba ya mchanga, la sivyo litaziba.

Sisi tuko bonde la Katubuka. Mitaro itatusaidia?

Peke yake, hapana, na ni haki yenu kuelezwa hivyo waziwazi. Bonde lisilo na mlango wa asili linapokea maji ya pande zote, na mtaro unaoingia humo unaongeza maji.

Msaada wa kweli uko katika mambo mawili. La kwanza ni kuyakamata maji kwenye kingo za bonde, kabla hayajashuka, na kuyapeleka upande wa ziwa kwa mtaro mkubwa. La pili ni kutengeneza njia ya kuyatoa yaliyokwisha kuingia, kwa mfereji uliochimbwa chini sana, bomba au pampu. Yote mawili ni kazi ya upimaji wa kitaalamu na fedha za serikali, si ya harambee. Kazi ya wakazi ni kuidai kwa pamoja, wakiwa na picha na orodha ya nyumba zilizoathirika, na kukataa ujenzi mpya sehemu ya chini kabisa. Mtu akijaza kifusi kwenye kiwanja chake bondeni hayaondoi maji. Anayasukuma kwa jirani, kwa ujazo ule ule wa kifusi alichomwaga.

Na nyumba ambazo zimekaa ndani ya maji msimu hadi msimu, hasa za tofali mbichi, zisirudiwe kuishi kabla fundi hajaukagua ukuta. Tofali la udongo lililolowa linaweza kuonekana zima na kuporomoka linapokauka.

Na sisi wa Kibirizi na kando ya ziwa?

Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga, huko Kalemie, Kongo. Linapokea mvua za Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, na maji ya mito mikubwa kama Malagarasi na Rusizi. Mvua zikizidi miaka mfululizo, linapanda, kama lilivyofanya 2020 na 2021 na tena 2024, na kushuka kwake ni kwa polepole sana. Hakuna mtaro wa mtaani utakaolishusha.

Mnachoweza kukiangalia ni midomo ya mitaro. Ziwa likipanda, mdomo unazama, maji ya mlimani yanakosa pa kwenda na yanarudi nyuma mtaani. Mitaro mipya ijengwe kwa kupima kutoka alama ya juu kabisa ambayo ziwa limefika, na alama hizo bado zinaonekana kwenye kuta na miti. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Wengi wanaiona sheria hiyo kama usumbufu. Miaka ya karibuni imeonyesha kwa nini ipo.

Kuna wanaofungulia choo mtaroni mvua ikinyesha. Tufanye nini?

Mripoti kwa bwana afya wa kata siku hiyo hiyo. Kwenye hili hakuna ujirani mwema wa kunyamaza. Maji hayo yanapita mbele ya milango ambako watoto wanacheza, yanaingia visimani na yanaishia ziwani ambako watu wanachota. Kipindupindu kinapita njia hiyo hiyo. Kama tatizo ni kwamba choo cha mtu kinajaa maji ya ardhini, asaidiwe kuinua choo chake, maana huyo ana shida ya kweli.

Nani mwenye jukumu la mtaro uliopo barabarani?

Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Barabara za mitaa na za mjini ni za TARURA, wakala ulioanza kazi 2017. Vichochoro, usafi na mipango miji ni vya halmashauri ya manispaa. Mtaro ulio ndani ya kiwanja chako ni wako. Mkienda ofisi isiyohusika mtazungushwa wiki nzima, basi mwombeni mtendaji wa mtaa athibitishe kwanza barabara ni ya nani.

Na msichimbe ndani ya hifadhi ya barabara bila kibali, hata kwa nia njema. Zipo nyaya na mabomba ya maji chini.

Fedha tunazipataje?

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na mipango yake inaandaliwa miezi mingi kabla. Ombi linalopelekwa Aprili, maji yakiwa magotini, linapewa pole na linasubiri mwaka mzima. Lipitisheni kwenye mkutano wa wakazi mapema, kuanzia Oktoba hivi, liandikwe kwenye muhtasari, liende Kamati ya Maendeleo ya Kata, na diwani alibebe. Ombi lenye picha, vipimo vya mpira na orodha ya kaya lina uzito kuliko lenye kilio peke yake.

Ulizeni pia kuhusu miradi mikubwa. TACTIC, unaotekelezwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia katika miji 45, Kigoma Ujiji ikiwamo, unajenga barabara na mitaro. Mtaa ulio karibu na barabara ya mradi uulize mapema mtaro wa mradi utaishia wapi. Swali hilo likiulizwa wakati wa upimaji linajibika. Zege likishamwagwa limechelewa.

Mchango wa wakazi uelekezwe kwenye mawe, mchanga, nguvu kazi na usafi. Fedha taslimu ziwe na mweka hazina na karatasi ya mapato na matumizi ibandikwe ofisini.

Jirani amejenga ukuta umefunga njia ya maji. Nifanye nini?

Mwite mvua ikinyesha, aone mwenyewe. Mengi yanaishia hapo, kwa kutoboa matundu chini ya ukuta. Ikishindikana, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha Baraza la Kata kwa usuluhishi, na mwisho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usiuvunje ukuta wake usiku. Ukifanya hivyo, kesi inageuka na wewe ndiye unakuwa mshtakiwa.

Ninanunua kiwanja. Nitambueje kama ni cha maji?

Usikinunue kiangazi bila kuuliza. Tafuta alama ya tope kwenye kuta za majirani, matete au mimea ya majimaji, na mchanga uliolala kwa mistari. Uliza wanawake wanaoishi hapo, si dalali. Na ukijenga, sakafu iwe juu ya usawa wa barabara ya sasa, ukiacha nafasi ya moramu ya miaka ijayo.

Maji yanaingia sasa hivi. Tufanye nini?

Toa watoto, wazee na wagonjwa kwanza. Zima swichi kuu ya umeme kama unaifikia ukiwa umesimama pakavu. Kama sivyo, usiiguse. Msivuke maji yanayokimbia: yakifika magotini yanamwangusha mtu mzima, na mtaro usioonekana chini yake haumrudishi tena. Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Yakishapungua, maji ya kisima kilichofurika yasinywewe hadi kisima kitibiwe kwa klorini, na kwa sasa chemsheni. Chakula kilichoguswa na maji hayo kitupwe, hata kama ni gunia zima la mahindi na inauma.

Mitaro isafishwe lini, na nani?

Safisheni kabla mvua hazijaanza, yaani Septemba hadi mwanzo wa Oktoba, kisha baada ya kila mvua kubwa. Gawaneni kwa vipande, kila nyumba kumi na kipande chao na jina la msimamizi lililoandikwa. Kinachozolewa kipakiwe kwenye toroli na kuondolewa siku ile ile. Tope likiachwa ukingoni, mvua inayofuata inalirudisha lote ndani. Mchanga uliotoka, ukishachekechwa, unafaa kujazia mashimo ya vichochoro, na baadhi ya mafundi wataununua.